Mgeni Njoo, Nani Apone? Tafakuri Juu ya Kupanga Safari ya Kujitegemea Guatemala

Ratiba ya safari ni hoja. Anayeamua msafiri alale wapi, apite barabara ipi, akae siku ngapi na anunue kwa nani, huwa ameshaamua pia ni historia gani msafiri huyo ataijua na ni mfuko wa nani utakaotuna kwa ujio wake. Kwa sababu hiyo siamini kwamba kupanga safari ni kazi ya kuachiwa mawakala wa utalii peke yao. Ni kazi ya fikra na, kwa mwanafunzi, mwanaharakati au mtumishi wa umma, ni kazi ya kisiasa.

Nitaieleza hoja hii kwa mfano wa nchi moja ya Amerika ya Kati, Guatemala. Soma matangazo ya safari za kwenda huko, nawe utakuta mara nyingi mambo yaleyale matatu: mji wa kale wa Antigua, Ziwa Atitlán na mahekalu ya Tikal, yote kwa wiki moja, ndani ya gari lenye kiyoyozi na mwongozaji anayezungumza Kiingereza. Sina ugomvi na sehemu hizo. Ni nzuri, na katika mpango nitakaoupendekeza zote zimo. Ugomvi wangu ni juu ya kile kinachorukwa kati ya kituo kimoja na kingine, nacho ni watu. Sensa ya mwaka 2018 ilionyesha kuwa Wamaya ni takriban asilimia 42 ya wananchi wote, na lugha za Kimaya zinazotambuliwa nchini humo ni 22. Lakini katika matangazo hayo Mmaya ni mjenzi wa mahekalu aliyetoweka zamani, au ni rangi za nguo sokoni.

Wahenga wetu walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii huwa tunaitamka kama salamu tu ya ukarimu, lakini ina sharti ndani yake. Mgeni aliyepita bila kumwona mwenyeji hawezi kumponya, na pengine humwongezea jeraha.

Kwa nini Guatemala, na kwa nini sisi

Mwanafunzi wa siasa za ardhi katika Afrika Mashariki ana sababu nyingi za kuitazama nchi hii. Mwezi Juni 1952 serikali ya Rais Jacobo Árbenz, iliyochaguliwa kwa kura, ilipitisha Amri Namba 900. Amri hiyo iliruhusu kuchukuliwa kwa ardhi isiyolimwa katika mashamba makubwa, kwa fidia, na kugawiwa wakulima wasio na ardhi. Fidia ilihesabiwa kwa thamani ambayo wamiliki wenyewe walikuwa wameitangaza kwa ajili ya kodi. Kampuni ya ndizi ya Marekani, United Fruit, iliyokuwa na maeneo makubwa yaliyolala bila kulimwa na iliyokuwa imetangaza thamani ndogo, ikageuka kuwa mlalamikaji mkuu. Mwezi Juni 1954 Árbenz aling'olewa madarakani katika mapinduzi yaliyoandaliwa na shirika la ujasusi la Marekani, na sehemu kubwa ya ardhi iliyogawiwa ikarudishwa kwa wenyewe wa zamani.

Kilichofuata ni vita ya ndani iliyoanza mwaka 1960 na kumalizika kwa mkataba wa amani uliotiwa saini tarehe 29 Desemba 1996. Tume ya ukweli iliyoundwa chini ya usimamizi wa Umoja wa Mataifa ilitoa taarifa yake mwaka 1999. Ilikadiria kuwa zaidi ya watu 200,000 waliuawa au kutoweshwa. Kati ya waathirika waliotambuliwa, asilimia 83 walikuwa Wamaya, na asilimia 93 ya ukiukwaji ulioandikwa na tume uliwekwa mlangoni mwa vyombo vya dola na makundi yaliyoshirikiana navyo. Tume ilihitimisha kwamba kati ya mwaka 1981 na 1983 yalitendwa matendo ya mauaji ya kimbari dhidi ya baadhi ya jamii za Wamaya. Watu wanaotajwa katika takwimu hizo hawakuishi zama za kale. Wengi wao wangekuwa na umri wa wazazi wetu.

Kuna pia uzi wa zamani zaidi unaotugusa. Katika karne ya 19 walowezi wa Kijerumani walijikita katika milima ya Alta Verapaz na kulima kahawa, kama Wajerumani wengine walivyofanya baadaye katika milima yetu ya Usambara. Sheria ya vibarua ya mwaka 1877, ya utawala wa Justo Rufino Barrios, iliwalazimisha wanakijiji wa Kimaya kwenda kufanya kazi mashambani. Anayezijua habari za kodi ya kichwa na za manamba wa mkonge haitaji kutafsiriwa jambo hilo. Katika milima hiyohiyo leo hustawi iliki, na Guatemala ni miongoni mwa wauzaji wakubwa kabisa wa zao hilo duniani, ingawa wakulima wenyewe huitumia kwa nadra jikoni. Iliki hiyo huenda kwa wingi katika nchi za Kiarabu, kuungwa katika kahawa. Mnywaji wa kahawa ya iliki kule Maskati huenda amekuwa akionja jasho la mkulima wa Kiq'eqchi' bila kulijua jina lake.

Njia ya Kusini

Mpango wa safari huanza na pasipoti, na hapo somo la kwanza la siasa huanza pia. Mwenye pasipoti ya Tanzania anahitaji viza ya Guatemala, na maombi hupitia ubalozi ulio nje ya nchi yetu. Hakuna ndege ya moja kwa moja. Njia nyingi zinazopendekezwa na mitandao ya kuuzia tiketi hupita Marekani, na Marekani humtaka Mtanzania awe na viza hata kama anabadilisha ndege tu kwa saa mbili. Tazama basi hali ilivyo: raia wa nchi moja ya Kusini anayetaka kwenda kumwamkia raia wa nchi nyingine ya Kusini analazimika kwanza kuomba ridhaa ya Kaskazini.

Zipo njia nyingine, na msafiri wa kujitegemea hana budi kuzitafuta. Unaweza kwenda Addis Ababa, kisha São Paulo, kisha Panama, na kutoka Panama kuingia Guatemala. Unaweza pia kupita Istanbul hadi Bogotá au Panama. Njia hizi ni ndefu na si lazima ziwe rahisi kwa bei, na kila nchi ya kupitia ina masharti yake kuhusu abiria anayebaki uwanjani. Masharti hayo yaulizwe kwa shirika la ndege na kwa balozi husika kabla ya kulipa hata shilingi moja, na jibu lipatikane kwa maandishi. Ofisa wa kaunta ya ndege ndiye anayeamua kama utapanda au hutapanda, na mbele yake karatasi hushinda maelezo.

Katika bahasha ya msafiri ziwepo nakala za pasipoti, tiketi ya kurudi, barua ya mwajiri au ya chuo, taarifa za benki, uthibitisho wa malazi ya siku za mwanzo, na kadi ya chanjo ya homa ya manjano, ambayo hutakiwa kwa wasafiri wanaotoka katika nchi zenye hatari ya ugonjwa huo. Jambo jingine la kujua ni kwamba Guatemala, El Salvador, Honduras na Nicaragua zina makubaliano ya pamoja ya uhamiaji. Siku 90 wanazopewa wageni ni za nchi zote nne kwa jumla, si kwa kila nchi. Kuvuka mpaka kwenda Honduras na kurudi hakuanzishi hesabu upya.

Kuhusu majira, kiangazi cha huko ni kati ya Novemba na Aprili. Mvua hunyesha kuanzia Mei hadi Oktoba, nayo huleta maporomoko ya ardhi katika barabara za milimani. Anayepanga kutumia mabasi ya kawaida achague kiangazi.

Ratiba ninayoipendekeza

Siku ishirini na tano zinatosha, mbili kati yake zikiwa za barabarani. Mwenye siku chache apunguze vituo, asipunguze muda wa kukaa.

Anza kwa kutoukimbia mji mkuu. Wageni wengi hutoka uwanja wa ndege wa La Aurora na kwenda moja kwa moja Antigua, kana kwamba Jiji la Guatemala ni shimo la kurukwa. Kaa siku mbili. Mbele ya kanisa kuu la jiji zipo nguzo zilizochongwa majina ya waliouawa na waliotoweshwa wakati wa vita. Katika kanisa hilohilo, tarehe 24 Aprili 1998, Askofu Juan Gerardi aliwasilisha taarifa ya Kanisa Katoliki juu ya ukatili wa vita. Siku mbili baadaye aliuawa nyumbani kwake. Ipo pia Casa de la Memoria, makumbusho ndogo inayoeleza historia ya nchi kwa macho ya waathirika. Ukianzia hapo, kila kitu utakachokiona baadaye kitakuwa na maelezo yake.

Antigua ipewe siku mbili. Ilikuwa makao makuu ya utawala wa Wahispania katika eneo hilo hadi tetemeko la mwaka 1773 lilipoibomoa, na tangu mwaka 1979 imo katika orodha ya urithi wa dunia. Juu yake imesimama milima ya volkano. Wageni hulipa kupanda Acatenango, wenye kimo cha mita 3,976, ili kuutazama mlima jirani wa Fuego ukitema moto usiku. Anayepanda akumbuke kuwa tarehe 3 Juni 2018 moto huohuo ulikifukia kijiji cha San Miguel Los Lotes pamoja na watu wake. Tamasha la mgeni linaweza kuwa kaburi la mwenyeji.

Kutoka hapo nenda Quetzaltenango, ambao wenyeji huuita Xela. Huu ndio moyo wa mpango wangu, na nashauri uupe siku saba. Mji uko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, hivyo beba sweta. Umejaa shule ndogo za Kihispania ambako mwalimu mmoja hufundisha mwanafunzi mmoja, na mwanafunzi hulala na kula katika familia ya mjini. Wiki moja haitakufanya uwe mzungumzaji, lakini itakutoa katika ububu. Msafiri asiyejua hata kuuliza bei huongozwa na yeyote anayejua Kiingereza, na kwa kawaida anayejua Kiingereza si mkulima wala mfumaji. Lugha ndiyo chombo cha kwanza cha kujitegemea safarini.

Ukiwa Xela, tenga siku moja ya kwenda Totonicapán. Matangazo ya utalii huutaja mji huu kwa nadra. Hapo ndipo yalipo makao ya Vitongoji 48, mfumo wa utawala wa kijamii wa Wak'iche' unaosimamia msitu wa jumuiya, vyanzo vya maji na migogoro ya wananchi. Viongozi wake huchaguliwa na vitongoji vyao na kutumikia kwa mwaka mmoja bila mshahara. Mwezi Oktoba 2023, pale ofisi ya Mwendesha Mashtaka Mkuu ilipojaribu kuyatibua matokeo ya uchaguzi uliompa ushindi Bernardo Arévalo, ni viongozi hawa pamoja na wenzao wa jamii nyingine za asili walioitisha ufungaji wa barabara na kupiga kambi mbele ya ofisi hiyo kwa zaidi ya siku mia moja. Arévalo aliapishwa baada ya saa sita usiku, tarehe 15 Januari 2024, baada ya hila za dakika za mwisho bungeni. Watumishi wa umma wanaosoma makala hii wanaweza kujiuliza swali moja: ni kitu gani kinachomfanya kiongozi asiyelipwa aitetee katiba kwa bidii kuliko ofisa anayelipwa kwa ajili hiyo?

Ziwa Atitlán lipate siku tatu. Lina kina cha takriban mita 340 na limezungukwa na volkano pamoja na vijiji vya Watz'utujil na Wakaqchikel, vinavyounganishwa kwa maboti. Wengi hukaa Panajachel kwenye mabaa. Wewe vuka uende Santiago Atitlán. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Desemba 1990 wananchi walikwenda kambini bila silaha kulalamikia unyanyasaji, na wanajeshi wakawafyatulia risasi na kuua zaidi ya kumi. Wananchi wakakusanya saini, wakadai jeshi liondoke, na likaondoka. Haya yalitokea vita ikiwa bado inaendelea. San Juan La Laguna nako kuna vyama vya ushirika vya wanawake wanaofuma kwa vyombo vinavyofungwa kiunoni. Nunua kwao, na usiwapunje. Mwaka 2016 wafumaji wa Kimaya walifungua shauri katika Mahakama ya Katiba wakidai ulinzi wa pamoja wa ubunifu wao, baada ya kuchoshwa na makampuni yanayonakili michoro yao. Wamaasai, ambao sura na mavazi yao yameuza bidhaa nyingi zisizowanufaisha, wangekielewa kilio hicho mara moja.

Rudi kupitia mji mkuu uelekee Rabinal, katika Baja Verapaz, kwa siku mbili. Mji huu una mchezo wa kuigiza wa kale uitwao Rabinal Achí, uliotangazwa na UNESCO mwaka 2005 kuwa urithi wa binadamu na unaochezwa kila mwezi Januari. Una pia makumbusho ya jumuiya yenye picha za waliouawa. Miongoni mwao ni watu wa Río Negro, kijiji kilichokataa kuhama kupisha bwawa la umeme la Chixoy, mradi uliopata mikopo ya Benki ya Dunia. Tarehe 13 Machi 1982 wanawake 70 na watoto 107 wa kijiji hicho waliuawa. Serikali ilikubali kulipa fidia rasmi mwaka 2014, zaidi ya miaka thelathini baadaye. Kila mmoja wetu anayeandika au kuidhinisha andiko la mradi wa maendeleo angefaidika kwa kusimama mbele ya picha hizo walau saa moja.

Pumzika siku mbili Cobán, kwenye kahawa na iliki, halafu shuka hadi Petén kwa siku tatu. Mji wa Flores, kisiwa kidogo ziwani, ulikuwa Nojpetén, makao makuu ya Waitza yaliyoangukia mikononi mwa Wahispania mwaka 1697 tu. Kwa hiyo habari ya Wamaya "waliotoweka" karne nyingi kabla ya Wazungu haina ukweli. Tikal yenyewe iende ukaione alfajiri. Hekalu la Nne lina urefu wa takriban mita 65, na kutoka juu yake msitu hauna mwisho.

Lakini usiishie Tikal. Endelea hadi Uaxactún, kijiji kilicho umbali wa kilomita zisizozidi thelathini kaskazini. Wakazi wake ni miongoni mwa jumuiya zilizopewa mikataba ya kusimamia misitu ndani ya Hifadhi ya Maya, iliyoanzishwa mwaka 1990. Huvuna mbao kwa kiwango maalumu, majani ya xate kwa ajili ya wauza maua, na utomvu wa chicle. Kwa miaka mingi maeneo yaliyo mikononi mwa jumuiya hizi yamehifadhika vizuri kuliko baadhi ya hifadhi za taifa zilizo jirani, ambazo kisheria haziruhusu mtu kuishi humo lakini kwa vitendo zimevamiwa na wafugaji wakubwa na wafanya magendo. Baadhi ya mikataba hiyo imeongezewa muda. Kwa Mtanzania hili ni suala la nyumbani. Tangu mwaka 2022 wakazi wa Ngorongoro wamekuwa wakihamishiwa Msomera. Serikali inasema wanahama kwa hiari, na sehemu ya wakazi inapinga kauli hiyo. Sisemi kwamba Petén ni jibu la Ngorongoro, kwani simba si mti wa mkangazi. Nasema kwamba dhana ya mtu na hifadhi kuwa maadui wa asili imejaribiwa mahali pengine na haikuthibitika, na wanaotunga sera zetu wangefanya vyema kwenda kuona.

Malizia Lívingston, kwenye pwani ya Karibi, kwa siku mbili. Hapafikiki kwa gari. Utapanda boti kutoka Río Dulce au Puerto Barrios. Wenyeji wake wengi ni Wagarifuna, uzao wa Waafrika na watu wa asili wa kisiwa cha Saint Vincent, ambao Waingereza waliwafukuza kwao mwaka 1797 na kuwatupa katika kisiwa cha Roatán. Mwafrika atakayefika hapo ataona nyuso za ndugu zake na kusikia lugha ambayo mizizi yake ni ya Kiarawaki, ya Amerika. Atapewa tapado, mchuzi wa samaki na ndizi uliopikwa kwa tui la nazi, naye atadhani amefika Pangani. Hiyo ni sura ya historia yetu iliyoandikwa ng'ambo, na mkaaji wa pwani yetu atakosa mengi asipoisoma.

Fedha, usalama na adabu

Sarafu ya nchi ni quetzal, na kwa miaka mingi dola moja ya Marekani imekuwa kati ya quetzal 7 na 8. Usafiri wa wananchi ni mabasi ya shule yaliyostaafishwa Marekani, yakapakwa rangi na kupewa majina. Aliyepanda daladala za Mbagala zama za vipanya hatashangazwa na kubanana wala na konda anayening'inia mlangoni. Utajua nauli kwa kutazama jirani yako anatoa kiasi gani. Ndani ya mji mkuu, hata hivyo, mabasi ya kawaida yana historia mbaya ya ujambazi na magenge yanayotoza madereva kwa nguvu. Humo tumia teksi inayoaminiwa na mwenyeji wako. Usisafiri usiku, usionyeshe simu barabarani, na gawanya fedha zako mahali zaidi ya pamoja.

Kuhusu kamera, ombeni ruhusa, hasa kwa watoto. Mwaka 2000, katika mji wa Todos Santos Cuchumatán, uvumi kwamba wageni wanaiba watoto ulisababisha umati kumuua mtalii wa Kijapani na dereva wa basi la watalii. Hakuna kinachohalalisha mauaji yale. Lakini hofu ile ilizaliwa katika nchi ambamo watoto walipotea kweli wakati wa vita, na ambamo biashara ya kuasilisha watoto nje ya nchi ilikithiri hadi ilipodhibitiwa mwishoni mwa mwaka 2007. Sisi ambao tumepigwa picha bila kuulizwa tangu enzi za ukoloni tunapaswa kuwa wa kwanza kuuliza.

Pingamizi mbili

Pingamizi la kwanza ni la fedha. Mwanafunzi anayesubiri mkopo atasema: Mwalimu, unatuambia habari za Guatemala na nauli ya kwenda Kigoma hatuna? Ni pingamizi la haki, na sitalijibu kwa maneno matamu. Wengi wenu hamtakwenda mwaka huu wala mwaka ujao. Hata hivyo kupanga ni kusoma. Aliyeketi na ramani akatafuta kwa nini barabara inapita hapa na si pale, nani anamiliki hoteli na nani anafagia, na ni tukio gani halikuandikwa kwenye bango, amekwisha kufanya nusu ya safari. Na mbinu hiyohiyo inafaa kwa nauli ndogo. Panga Songea na Kilwa kwa maswali hayo ya Rabinal, na Vita vya Majimaji vitakuwa zaidi ya aya tatu za kitabu cha kidato.

Pingamizi la pili ni la maadili: je, kutembelea makaburi ya watu si kuyageuza maumivu yao kuwa burudani? Inaweza kuwa hivyo. Kigezo changu ni kimoja. Nenda pale ambapo wenye msiba wenyewe wamejenga makumbusho, wameweka kitabu cha wageni na wanataka habari zao zisikike. Pale ambapo hawajakualika, pita kimya.

Tunachopaswa kudai

Kwa watumishi wa umma nina ombi mahsusi. Tunajadili utalii kila mwaka kwa hesabu ya wageni walioingia na dola zilizobaki. Ongezeni safu mbili katika majedwali yenu: wananchi wetu waliotoka kwenda kujifunza katika nchi za Kusini, na sehemu ya dola iliyofika kwa mwenyeji wa kijijini. Wanadiplomasia wetu waanze mazungumzo ya viza na nchi za Amerika ya Kati, walau kwa wanafunzi na watafiti, na vyuo vyetu vitafute wenzao wa kubadilishana nao wahadhiri. Hakuna sababu ya msingi kwa nini mtafiti wa iliki wa Morogoro asimjue mwenzake wa Cobán.

Kwa wanafunzi na wanaharakati, chukueni ratiba yoyote ya kitalii ya nchi yetu, ya Zanzibar au ya Serengeti, mfanye kama nilivyofanya hapa kwa Guatemala. Andikeni kando ya kila kituo: nani amerukwa hapa? Kisha chora upya njia inayompitia huyo aliyerukwa, umfuate ulizungumze naye, na umuulize kama wageni wanaokuja wamewahi kumponya.